Saa Nyingi, Siku Chache: Nani Anayedanganywa?



Katika mitaa yetu ya wafanyakazi, hapa Kolwezi na penginepo katika nchi ya migodi, twasikia siku hizi sifa za dawa mpya ya utoro. Wakubwa fulani wa kazi wanasema hivi: «Zamani tuliwaita watu siku 6 kwa juma, na kila asubuhi kapita alikuta nafasi tupu. Sasa tumerefusha zamu na kufupisha juma. Mtu anafanya kazi siku 4 tu, tangu kucha hata kuchwa, kisha anapumzika kwake. Yeye amefurahi, sisi tumefurahi, na daftari la pointaji limekuwa safi.»

Maneno matamu! Na wafanyakazi wengi wanayapokea kwa mikono miwili. Nani asiyependa siku 3 za kukaa nyumbani? Lakini sisi tunasema wazi, tena tunasema mapema ili msomaji asihangaike kututafuta: dawa hiyo haiponyi. Utoro haukutoweka, umehamishwa tu. Umetoka katika daftari la kampuni, ukaingia katika madaftari mengine ambayo mkuu wa wafanyakazi hayasomi kamwe.

Daftari mojawapo ni letu. Katekista naye huita majina. Kila Dominika baada ya misa tunawaita watu wazima wanaojiandaa kupokea ubatizo, na wale wanaotengeneza ndoa yao. Tunaandika: yupo, hayupo. Basi tulikuwa na mtu mmoja, baba wa watoto watano, ambaye rafiki zake walimsifu mbele yetu kwamba hakosi kazi hata siku moja. Katika daftari la kampuni yupo, yupo, yupo. Katika daftari letu, mwezi ule ule, hayupo, hayupo, hayupo, hayupo. Je, huyo ni mtu wa namna gani, mwema kule na mtoro huku? Tulimwendea kwake kumwuliza. Tulimkuta amelala saa nane ya mchana, viatu vingali miguuni, sahani ya bukari na sombe imepoa kando yake. Mama wa nyumba akatuambia kwa sauti ndogo: «Mwalimu, mumwache tu. Hata watoto nimewafukuza nje wasimwamshe.» Tukatoka tukinyata. Tangu siku ile tumeanza kuuliza na kuhesabu.

Kwanza tutende haki. Wanaosifu juma fupi si wajinga wote, wala si wabaya wote. Sababu za kukosa kazi twazijua, maana tunaishi nazo. Mtu wa siku 6 akitaka kuandikisha kuzaliwa kwa mtoto, akitaka kumpeleka mama mzee hospitali, akitaka kufuata fedha zake benki, afanyeje? Ofisi zote hizo hufunguliwa saa zile zile anapotakiwa kazini. Hana budi kuiba siku. Wamwitao mvivu hawajasimama mstarini mbele ya dirisha tangu asubuhi hata mchana, kisha wakaambiwa kwamba mwenye mhuri ametoka. Mwenye siku 3 huru hana haja ya kuiba. Tena kuna nauli: anayekwenda kazini mara 4 badala ya mara 6 anaokoa theluthi moja ya fedha za njiani, na kwa baba anayekaa mbali fedha hizo ni unga wa siku kadhaa. Hayo ni kweli. Anayeyakana si mpinzani mwaminifu, nasi hatutayakana.

Lakini ngoja kidogo! Njoo tufanye hesabu pamoja, msomaji, hesabu ya darasa la tano tu.

Tuchukue kampuni inayotaka saa 45 kwa juma. Kwa siku 6, mtu anafanya saa 7 na nusu kila siku. Kwa siku 4, anafanya saa 11 na robo. Ukiongeza nafasi ya kula, ni saa 12 kamili ndani ya ua wa kampuni. Haya. Mtu wetu zamani alikosa siku 3 kwa mwezi. Siku 3 mara saa 7 na nusu ni saa 22 na nusu. Siku hizi anakosa siku 2 tu. Mkuu wa wafanyakazi anaandika katika ripoti: utoro umepungua kwa theluthi moja! Watu wanapiga makofi mezani. Lakini siku 2 mara saa 11 na robo ni ngapi? Ni saa 22 na nusu. Kazi iliyopotea ni ile ile, wala hakuna hata dakika moja iliyookolewa. Kilichobadilika ni kipimo. Ni kama mwuza unga sokoni anayeleta kopo kubwa zaidi, kisha anajisifu kwamba mfuko wake sasa una makopo machache.

Tazama tena jambo la pili, ambalo kila kapita analijua lakini hasemi mbele ya wakubwa. Kwa zamu 3 za saa 8, mtu wa zamu ya kati asipofika, pengo huzibwa: mwenzake aliyetangulia anaongeza saa 4, na yule anayefuata anakuja saa 4 mbele. Kila mmoja amefanya saa 12. Ni nzito, lakini ni siku moja tu, kesho wanarudi katika kawaida yao. Kwa zamu 2 za saa 12, nani atakayeziba? Aliyekwisha kumaliza saa 12 huwezi kumwongezea 6 nyingine akabaki na akili zake. Basi simu inalia nyumbani kwa yule aliye katika siku zake za kupumzika. «Ndugu yetu, utusaidie leo tu.» Leo tu! Anaogopa kukataa, kwa maana mkataba wake ni wa miezi michache, na wanaongoja langoni ni wengi. Anakwenda. Na daftari linasema nini juu yake? Linasema amehudhuria kuliko siku alizopangiwa. Hapo ndipo usafi wa daftari unapotoka: mmoja amekosa kazi, mwingine amekosa pumziko, na katika hesabu ya mwisho wa mwezi wote wawili wanafichana.

Sasa tuseme juu ya sheria, kwa sababu tumesikia watu wakiapa kwa jina lake. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, imeweka makufuli mawili. Kufuli la kwanza: mtu asipite saa 45 kwa juma. Kufuli la pili: asipite saa 9 kwa siku. Wahubiri wa zamu ndefu wanatuonyesha lile la kwanza. «Angalieni, ni saa 45 tu, hatukuvunja kitu!» Mkono wao mwingine umefunika lile la pili. Kwa nini watunga sheria waliweka mawili, kama moja lilitosha? Si wao wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1919, mataifa yalipokutana Washington na kufanya mapatano ya kazi ya viwanda, yaliandika saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma, yote mawili pamoja. Na kabla yao, mwaka 1891, Papa Leo XIII katika barua yake juu ya hali ya wafanyakazi aliwataja kwa kusudi wale wanaochimba mawe na madini tumboni mwa dunia, akifundisha kwamba saa zao zipasa kuwa fupi kuliko za wengine, kwa sababu kazi yao ni nzito zaidi na inaharibu afya. Wote hao walijua kwamba mwili haufanyi hesabu ya juma. Mwili unahesabu siku. Huwezi kula Dominika chakula cha siku 4, wala huwezi kulala siku ya posho usingizi uliotakiwa siku 3 zilizopita.

Tunajua jibu lao: tanuru halizimwi jioni, na pampu ya mgodini haingoji jogoo. Kweli kabisa. Lakini saa 24 zagawanyika kwa 8 mara 3, kama zinavyogawanyika kwa 12 mara 2. Tanuru halichagui. Ni nani basi anayechagua? Tulimwuliza mzee mmoja aliyestaafu, mtu aliyepanga zamu miaka mingi. Akacheka. «Mwalimu, kwa zamu 3 basi ya kampuni inazunguka mtaani mara 3. Kwa zamu 2, mara 2. Kapita 3 wanakuwa kapita 2. Chakula kinapikwa mara 2.» Hatusemi kwamba kuokoa mafuta ya basi ni dhambi. Tunasema tu kwamba jambo hilo litajwe kwa jina lake, lisije kwetu limevaa kanzu ya huruma kwa mfanyakazi.

Labda msomaji anafikiri: haya ni maneno ya katekista asiyejua viwanda. Basi tuwasikilize wataalamu.

Katika hospitali moja kubwa ya Uingereza, walichukua madaftari ya miaka 3 ya wauguzi na wasaidizi wao, watu karibu 2000, wakayalinganisha na zamu walizofanya. Maandiko yao yalitoka mwaka 2019. Walikuta nini? Waliokuwa wametumia zaidi ya robo 3 za zamu za juma lao katika zamu za saa 12 au zaidi, walikosa kazi kwa ugonjwa kuliko wale wasiofanya zamu hizo, ugonjwa wa siku chache na hata ule wa siku nyingi. Sikilizeni vizuri: walikosa zaidi. Zamu ndefu iliyosifiwa kama dawa ya kukosa kazi ilikwenda pamoja na kukosa kazi.

Na wale wasiokosa, wanaokuja hata wakichoka, yanawapata nini? Waingereza wawili, Simon Folkard na Philip Tucker, walikusanya hesabu za ajali kutoka viwanda vingi, wakaziandika mwaka 2003. Ukilinganisha na zamu ya saa 8, hatari katika zamu ya saa 10 inazidi kwa 13 kwa 100. Katika zamu ya saa 12 inazidi kwa 27 kwa 100. Tena walihesabu usiku unaofuatana: hatari ya usiku wa pili yaushinda ule wa kwanza kwa 6 kwa 100, wa tatu kwa 17, wa nne kwa 36. Usiku wa nne! Na zamu hizi tunazoletewa ni usiku 4 mfululizo.

Usiku wa nne tunaujua sisi wenyewe, maana uliingia katika jamaa yetu. Mdogo wetu wa tumbo moja anaendesha kamio kubwa la kubeba mawe, katika kampuni ambayo hatutaitaja. Anafanya siku 4 kazini na 4 nyumbani, zamu za saa 12. Basi la kampuni linamchukua saa moja na nusu kabla ya kazi, na kumrudisha saa moja na nusu baadaye. Jumla ni saa 15. Zimebaki 9: aoge, ale, aongee na mkewe neno moja au mawili, alale. Kampuni yake ina primu kwa asiyekosa hata siku moja katika mwezi. Mwaka jana malaria ilimshika katikati ya zamu zake za usiku. Tulimwambia abaki. Akajibu: «Yaya, nikibaki usiku mmoja, primu yote imekwenda, nayo ndiyo ya shule.» Akanywa vidonge, akapanda basi. Usiku wa nne alizinduka gurudumu la mbele limepanda kilima cha udongo kilichowekwa kando ya njia ili magari yasianguke shimoni. Kilima kile kilimwokoa. Hakuna aliyeumia, na kamio lilirudi kazini asubuhi. Aliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti muda mrefu bila kuvua koti, kisha akasema: «Yaya, nilikuwa kazini, lakini sikuwa mle.»

Katika daftari ameandikwa: yupo. Na primu alilipwa.

Hii ndiyo hila mbaya kuliko zote. Zamu inapokuwa ndefu na siku zinapokuwa chache, kila siku inakuwa na thamani kubwa mno, hata mgonjwa hathubutu kuiachilia. Akikosa mara moja, amepoteza karibu siku moja na nusu ya mshahara wa zamani, na primu juu yake. Basi anakuja. Anakuja na homa, anakuja na mkono uliovimba, anakuja baada ya kukesha kwenye kilio cha mjomba. Kapita anaona kofia na viatu, anaweka alama. Kama kuhudhuria ni kofia na viatu, tunawapongeza wakubwa kwa ushindi wao.

Hao Waingereza tuliowataja wana kisa cha zamani zaidi juu ya jambo hili. Katika vita ya kwanza ya dunia serikali yao iliweka tume, mwaka 1915, kutazama afya ya watengenezaji wa risasi na mizinga. Wengi wao wanawake, na wengine walifanya kazi zaidi ya saa 70 kwa juma, hata Dominika. Tume ikashauri saa zipunguzwe na pumziko la Dominika lirudishwe. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 2014, mwalimu mmoja wa uchumi, John Pencavel, alirudia hesabu za wanawake wale. Akakuta kwamba aliyefanya saa 70 alitoa kazi karibu sawa na aliyefanya saa 56. Saa 14 za jasho, na kapu karibu tupu! Walikuwapo, lakini mikono haikuwapo.

Lakini je, hakuna njia ya kuwafanya watu wafike kazini kwa furaha? Ipo, nayo imejaribiwa, ila si hii ya kukunja saa zote na kuzisukuma katika siku chache kama nguo katika sanduku dogo.

Tumkumbuke Henry Ford, yule wa magari, katika Marekani. Mwaka 1913 katika kiwanda chake kila siku mtu 1 kati ya 10 hakufika. Waliacha kazi hata, ili kuwa na watu kama 14 000, alilazimika kuandika zaidi ya 52 000 katika mwaka ule mmoja. Ford hakuwa mtakatifu, wala hakupenda vyama vya wafanyakazi. Lakini alijua hesabu. Mwezi wa Januari 1914 alishusha siku ya kazi kutoka saa 9 hata 8, akatangaza kulipa dola 5 kwa siku, na utoro ukashuka sana. Mwaka 1926 akaondoa siku ya sita: siku 5, saa 40. Angalieni utaratibu wake. Kwanza siku ikawa fupi, kisha juma likawa fupi. Alipoondoa siku ya posho hakuzirudisha saa zake kwa mlango wa nyuma katika siku nyingine.

Na karibu nasi zaidi, mwaka 2022, makampuni 61 ya Uingereza, yenye wafanyakazi karibu 2900, yalijaribu kwa miezi 6 juma fupi kwa mshahara ule ule, na saa zikapunguzwa kweli. Siku za kukosa kwa ugonjwa zilishuka kwa 65 kwa 100, na walioacha kazi walipungua kwa 57 kwa 100. Makampuni 56 yakaendelea. Tuseme ukweli: yalijitolea yenyewe, na mengi yalikuwa ya kazi za mezani, si ya nyundo na mawe. Hatuwezi kuchukua hesabu yao na kuiweka Kolwezi jinsi ilivyo. Lakini mwelekeo unaonekana. Walipopunguza saa, watu walifika. Wale wauguzi, waliolimbikiziwa saa, waliugua. Wanaotuuzia zamu ya saa 12 wanatuonyesha matunda ya mti wa kwanza, kisha wanapanda mti wa pili.

Watatuambia: «Mwalimu, nenda ukawaulize wafanyakazi wenyewe. Wanaitaka!» Tumewauliza. Wengi wanaitaka, ndiyo, hasa vijana wasio na wake. Lakini waliulizwa nini? Waliulizwa wachague kati ya siku 6 na siku 4. Hakuna aliyewauliza kama wangependa siku 5 za saa 8. Tena wanaitaka kwa sababu gani? Kijana mmoja alitujibu bila kuficha: siku zake za kupumzika anaendesha pikipiki ya kupakia watu. Mwingine anafyatua matofali, mwingine anachoma makala huko porini. Hawapumziki hata kidogo! Mshahara hautoshi, basi wanatafuta wa pili, na siku 3 huru ndizo zinazowapa nafasi. Mshika mbili moja humponyoka, walisema wazee wetu, na inayoponyoka ni zamu ya kwanza baada ya pumziko: anafika amechoka kuliko alivyoondoka. Hatuwalaumu. Tungekuwa na watoto wao na mshahara wao, labda tungenunua pikipiki pia. Tunamlaumu yule anayehesabu uchovu huo kama pumziko lililotolewa kwa ukarimu.

Ubelgiji, nchi ya wale waliotutawala hata mwaka 1960, nayo imeandika jambo kama hili katika sheria ya tarehe 3 Oktoba 2022. Mtu anaweza kufanya kazi ya juma zima katika siku 4. Lakini soma masharti yake. Ni mfanyakazi mwenyewe anayeomba, kwa maandishi. Ombi lake linakuwa na nguvu kwa miezi 6 tu, kisha analirudia akitaka. Mkubwa akikataa, lazima aeleze sababu. Na kawaida ya juma kule ni saa 38, kwa hiyo siku inakuwa ya saa 9 na nusu, si 12. Je, huku kwetu nani aliyeomba? Tumeona karatasi zimebandikwa langoni siku ya kulipwa, na juma lililofuata zamu mpya zimeanza.

Limebaki jambo moja, nalo linatuhusu sisi wa daftari la Dominika, lakini linawahusu pia wasiosali. Mzunguko wa siku 4 kazini na 4 nyumbani una siku 8. Juma la watu lina 7. Basi mviringo huu haukutani na ule. Ukihesabu vidoleni utaona kwamba mtu huyo anapata Dominika 4 mfululizo kazini, kisha 4 mfululizo nyumbani, na hivyo daima. Mwezi mzima hakai mezani na jamaa siku ambayo jamaa yote ipo. Anapokuwa nyumbani kazi mbili, kazi tatu, watoto wako shuleni, mkewe yuko sokoni, rafiki zake wako kazini kwao. Ana siku huru, lakini hana mtu wa kuwa naye. Kwaya imempoteza. Chama cha kusaidiana cha mtaa kinamwandika faini kwa kutofika. Mwalimu wa shule anaita mkutano wa wazazi, anakuja mama peke yake. Hayo yote ni utoro, ndugu zetu, na kila mmoja una daftari lake, ila hakuna primu kwa asiyekosa huko.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, wala si magumu. Wakubwa wanaojisifu kwa daftari lao wabandike langoni hesabu ya saa zilizopotea, si ya siku, wailinganishe na ya mwaka kabla ya zamu mpya. Chini yake waandike ni watu wangapi walioitwa kutoka katika pumziko lao, na mara ngapi. Primu ya kuhudhuria isimkate mgonjwa mwenye karatasi ya daktari. Saa za basi zihesabiwe wanapopanga zamu za usiku, na usiku wa nne uondolewe kwa waendeshaji wa makamio. Na kabla ya kubadili tena, wawaulize watu kwa karatasi ya siri, nayo iwe na njia 3: siku 6, siku 4, na siku 5 za saa 8. Kama baada ya hayo yote watu watachagua siku 4 kwa moyo huru, sisi tutanyamaza.

Vyama vya wafanyakazi navyo tunaviuliza: mlikuwa wapi karatasi ile ilipobandikwa? Mliisoma sheria ya 2002 mpaka kwenye kufuli la pili, au mliishia kwenye la kwanza?

Mdogo wetu yuko katika zamu za usiku tena juma hili. Yule baba wa watoto watano, tuliyemkuta amelala na viatu, alikuja Dominika moja mwezi uliopita, akaketi nyuma karibu na mlango. Tulipoita jina lake hakuitika. Mwenzake alimgusa bega. Alikuwa amesinzia, nasi tulikaa kitambo na kalamu mkononi tusijue tuandike nini.